Sato au perege wa Nyasa: nani aingie bwawani?

Kwa mfugaji aliye karibu na Ziwa Nyasa, sato, samaki mgeni kwenye ziwa hili, ana mvuto wa kweli. Anakua upesi kuliko perege wa kienyeji, vifaranga vyake vinapatikana kirahisi, na sokoni mama ntilie anamjua hata kwa ile mistari myembamba ya mkiani. Kwenye mfuko, perege anashindwa. Sibishi.

Lakini bwawa halina kufuli. Masika yakija, maji hupanda juu ya tuta, na kifaranga kidogo kuliko ukucha hupenya wavu wa bomba la kutolea maji. Perege akitoroka, amerudi kwao. Sato akitoroka, anaweza kuzaliana na chambo, ndugu wa perege aliye wa asili ya Ziwa Nyasa, na damu zikishachanganyika hakuna wavu wa kuzitenganisha.

Tumeshaona Ziwa Victoria. Sato aliletwa huko miaka ya 1950, ngege, ndugu yake wa asili ya ziwa hilo, akasukumwa pembeni, na leo huyo ngege tunamtafuta kwenye viziwa vya jirani. Sangara naye, aliyepandikizwa nyakati hizo hizo, alichangia kutoweka kwa mamia ya aina za furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hilo.

Wapo wanaosema fuga sato madume tupu. Inapunguza hatari, ila majike wachache hubaki, na chambo jike yuko ziwani tayari.

Malawi ilikataa ufugaji wa sato kwa miaka mingi. Mimi ningefuga perege, na ningependa serikali igharamie kuboresha mbegu yake ili mfugaji asiumie peke yake.