Mashini ndogo za espresso za mukono: ununue gani ukiwa Bukavu, kwa nyumba na kwa safari

Kila mara nikitoa kamashini kangu mu sakoshi, iwe ku kazi ama mu bato, kuko mutu anauliza "hiyo ni pompi ya nini?", na nikishamupa kikombe swali inageuka, "ulinunua wapi, na bei ngapi?" Nimejibu ile swali mara mingi sana kwa WhatsApp, basi leo naandika yote hapa, kuanzia yenye ningekuambia ununue kwanza mpaka yenye ningekukataza.

Lakini kuko kitu kinaniumaka, niseme kwanza. Sisi tunaishi katikati ya kahawa, bandugu. Idjwi, Kalehe, Kabare, Minova, arabika inaanzia pale karibu na ziwa, kwenye 1,460 m, inapanda mpaka ku milima, na batu wa Ulaya na Marekani wanailipa kama kitu ya heshima. Nespresso yenyewe, ile kampuni kubwa ya kahawa, ilitoaka kapsuli (vikopo vidogo vya kahawa ya kusagwa vya kutia mu mashini) zenye kuitwa "Kahawa ya Congo", jina ya luga yetu kabisa. Kuko hata batu walizama mu ziwa usiku wakivusha magunia ya kahawa ku Rwanda juu kule bei ilikuwa muzuri kidogo. Alafu ingia mu nyumba mingi hapa mujini asubuhi, unakuta nini ku meza? Kopo ya kahawa ya kukoroga yenye ilitoka mbali. Hata kwetu ni hiyo tulikunywaka, mama alitia kijiko moja ya kahawa na tatu za sukari, na baba yangu mukubwa mwenye alikuwa na miti ya kahawa ku shamba alikufa bila kujua kahawa yake inasikilika namna gani mu mdomo. Kwa hiyo mimi kamashini haka sikaoni kama mchezo wa batu wenye feza, nakaona kama njia ya bei ndogo ya kuonja kitu yetu wenyewe.

Sasa espresso ni nini. Ni maji ya moto yanasukumwa kwa nguvu kupita mu unga laini wa kahawa, presio ya karibu 9 bari, sekunde 25 mpaka 30, gramu 18 za kahawa zinatoa karibu gramu 36 za kinywaji kizito chenye kremu juu, ile povu nzito ya kahawa yenyewe. Mashini kubwa ya ku meza inafanya hiyo kwa umeme, inakula kilowati moja na zaidi wakati inapasha maji, na umeme wa hapa kila mutu anaujua, unaweza kukatika ukiwa umeshaweka kikombe chini ya mashini. Hizi ndogo presio inatoka ku mukono wako na moto unatoka ku mbabula ama ku gazi, ni kusema umeme ukiwa, umeme usipokuwa, kahawa iko.

Mbele ya mashini yoyote, kisagio. Hapa ndipo batu wanapotezaka feza. Mutu ananunua mashini ya dola 80, anatia kahawa yenye ilisagwa dukani kwa ajili ya kasoroli, maji yanapita tu puu kama mvua ku bati, anapata kitu chepesi na chachu, anasema mashini ni mbaya. Hapana, ni unga ndio mukubwa mno. Kinu cha mama hakiwezi, kinatoa vumbi na vipande pamoja, na kile kisagio cha umeme chenye kisu cha kuzunguka ni vilevile. Unataka cha mukono chenye meno ya chuma na cha kuregulia, Timemore C2 kwa mufano iko karibu dola 60 huko nje na kwa mashini ya kwanza ya hapa chini inatosha, 1Zpresso na Kingrinder zinasaga laini zaidi na ziko na hatua ndogondogo. Kama uko na dola 130 kwa jumla, gawa katikati, usiziweke zote ku mashini.

Na kisagio cha mukono kinakusaidia kitu ingine yenye mutu wa Kivu lazima ajue: ladha ya kiazi. Inapatikanaka mu kahawa yetu na ya Rwanda na Burundi, kuko mdudu anaitwa antestia anadunga tunda, na punje moja yenye kuharibika inatosha kufanya kikombe chote kinuke kiazi kibichi chenye umetoka kumenya. Kwa macho mara mingi huioni. Lakini ukisaga gramu 8 peke yake, nusisha pua mbele ya kutia ku mashini, kama inanuka kiazi mwaga, saga ingine, umepoteza gramu 8. Mwenye anasaga kilo nzima mara moja, punje chache zinamuharibia mufuko.

Kitu ya mwisho mbele ya mashini: maji. Bukavu iko karibu 1,500 m, na maji yanapoteza karibu digrii moja ya kuchemka kila mita 300, kwa hiyo hapa yanachemka ku 95 hivi, si 100. Video za Wazungu zinakuambia "chemsha, alafu ngoja dakika moja". Usingoje! Espresso inataka 92 mpaka 96, ni kusema maji yetu yakichemka ndio yako sawasawa, mimina palepale. Na pitisha maji ya moto mu mashini mara moja bila kahawa, mwaga, juu mashini baridi inaiba digrii mingi. Kahawa yenye ilikaangwa kidogo tu, ya rangi ya mukate mwepesi, hapa juu itakusumbua inakuwa chachu, tafuta yenye ilikaangwa katikati.

Ya kwanza: Wacaco Nanopresso. Karibu dola 70 mpaka 80 huko nje. Kwa batu mingi ndiyo hii, na ndiyo yenye niko nayo mwaka wa nne sasa. Iko na uzito wa gramu 336, ndogo kuliko chupa ya maji, gramu 8 za kahawa, mililita 80 za maji, unafunga, unageuza, unafungua pistoni na unaanza kupompa kwa mukono. Mara saba nane za kwanza hakuna kitu kinatoka, usiogope, maji yanalowesha kahawa, alafu uzi mwembamba wa rangi ya asali nzito unaanza kushuka na unaendelea polepole, kama mara moja kwa sekunde. Kampuni inaandika mpaka 18 bari, hiyo namba isikubebe, huhitaji zaidi ya nusu yake. Juu ya nini nimeiweka mbele? Inasamehe. Unga wako ukiwa si laini kabisa bado inakupa kikombe chenye kueleweka, na hata mutu mwenye mukono mwepesi anaweza, dada yangu wa miaka 14 anaipompa bila shida. Ubaya wake ni kikombe kimoja kidogo kwa kila zamu. Ukipata wageni watatu utapompa mpaka jasho, kuko seti ya kuongeza yenye kuingiza gramu 16, inauzwa peke yake, mimi siichukuaka ku safari. Ile adapta yao ya kapsuli acha, kapsuli hapa utazipata wapi kila wiki? Na bila kapsuli unabaki na plastike tupu.

Ya pili: moka, ile birika ndogo ya kahawa ya kuweka ku moto, ya Bialetti. Kwa haki ya maneno, moka haitoi espresso. Mvuke unasukuma maji kwa bari moja mpaka mbili tu, kremu hakuna. Lakini ni kitu ya 1933, Alfonso Bialetti wa Italia, na tangu ile wakati haijabadilika sana juu hakukuwa na kitu ya kubadilisha. Kwa familia ya batu wanne watano, wenye wanapenda kahawa nzito na maziwa ya moto ama na mandazi, nunua hii na usiangalie ingine, karibu dola 35 ile ya vikombe vitatu, na ile ya sita si mbali sana. Inakubali unga usio laini kabisa, kwa hiyo hata kahawa ya kusagwa dukani inaenda.

Shida yake ni makala. Moka ilifanywa kwa moto mudogo na mbabula yetu ikiwaka muzuri ni jehanamu, mukono wake wa plastike unayeyuka (wangu uliyeyuka ku mwezi wa kwanza) na kahawa inaungua inakuwa na ladha ya majivu. Ngoja makala ishuke, funika na majivu kidogo, weka kipande cha bati ama sahani ya chuma juu, mukono uangalie inje ya moto. Anza na maji yenye tayari ni ya moto, yasipite kavalvu kadogo ka pembeni, usikandamize kahawa, na ukisikia inaanza kukoroma toa palepale. Kwa safari ni nzito kidogo na inataka moto, kwa hiyo ni ya nyumba.

Ya tatu: Wacaco Picopresso, karibu dola 130. Hii ndiyo inatoa kikombe kitamu kuliko zote kama tunaongea ladha peke yake, gramu 18 za kahawa, kichujio cha milimita 52, espresso ya kweli yenye ungelipia ku hoteli. Lakini haisamehe hata kidogo. Unga ukiwa mukubwa kidogo inamwagika, ukiwa laini mno mukono hausogei, na ukisawazisha vibaya maji yanatoboa upande moja. Rafiki yangu mwenye anakaanga kahawa ku Nguba anaisifia kila siku, na iko na haki, juu iko na kisagio cha zaidi ya dola 100. Bila ile kisagio usiinunue, nakuomba. Na gramu 18 kila kikombe ku kahawa ya kununua kwa bei ya export, hesabu mwenyewe kwa mwezi.

Ya ine: za batri, kama OutIn Nano, karibu dola 150. Hii inapasha maji yenyewe, unatia maji baridi, unabonyeza, dakika tatu ine kahawa inatoka. Mu gari, ku chantier ya mbali, kwa mutu anayelala ku terain ni raha kubwa. Lakini kupasha maji baridi kunakula batri haraka, unapata vikombe vichache tu, alafu unarudi ku shida ileile ya umeme yenye tulikuwa tunakimbia. Ukitia maji ya moto ya termosi inaenda siku mingi, lakini kama uko na termosi, Nanopresso nusu ya bei inafanya kazi ile. Mu ndege uibebe mu kabini, batri za lithium haziwekwi hovyo mu valisi ya chini.

Za leva, Flair na Cafelat Robot. Nimetumia Flair ya mutu kwa wiki mbili, muzuri kweli, kwa nyumba tu, unavuta mukono na unasikia presio mu vidole. Ila ni vipande vingi vya kupasha na kuosha, na Robot ni chuma kizito, kuileta hapa usafiri unaweza kukaribia bei ya kitu.

AeroPress, ile silinda ya plastike yenye unasukuma kahawa kwa mukono, watu wananiulizaka sana. Ni kahawa muzuri, nyepesi, haivunjiki, tangu 2005, lakini presio yake haifiki hata karibu na ya espresso. Kama espresso si lazima kwako, inunue kwa roho safi.

Ya mwisho kabisa: zile zisizo na jina, "20 bari" imeandikwa kubwa ku kartoni. Nilinunua moja kwa dola 25 nikijiona mwerevu. Wiki ya tano, katikati ya ziwa, nikienda Goma na bato ya usiku, kajointi ka silikone kakatoka na maji ya moto yakaniunguza kidole gumba. Nilitafuta kajointi kapya ku Bukavu, ku Goma, hata nikaagiza Kigali, hakuna, juu hakuna mutu anajua ilifanywa wapi. Tangu siku ile swali yangu ya kwanza ku mashini yoyote ni vipuri. Ukiagiza, hata kwa mutu anayetoka Nairobi, Dubai ama Ulaya, mwambie alete na seti mbili za jointi palepale, ni dola chache, na uulize bei ya kufika mu mukono wako hapa, si bei ya ku intaneti.

Kwa bato mi nafanyaka hivi: asubuhi natia maji ya kuchemka mu termosi, naiacha dakika tano, namwaga, najaza tena mpaka juu kabisa bila nafasi ya hewa. Ile mara mbili inasaidia sana, maji yakifika saa tatu baadaye bado yanaweza kazi, kahawa inatoka nyepesi kidogo lakini inatoka. Punje nazipima nyumbani, gramu 8 kila kakaratasi, nasaga palepale karibu na dirisha, na harufu ikienea batu wanaanza kusogea wenyewe.

Ukimaliza, gonga unga ku maua, osha na maji matupu ya moto, sabuni kidogo mara moja kwa wiki juu mafuta ya kahawa yanaoza yananuka. Na usiifunge ikiwa na maji ndani, ilaze wazi juu ya kitambaa mpaka asubuhi.