Spika Janja za Bei Nafuu: Ipi Ununue, na Besi Usiitarajie

Spika janja ni ile inayotii amri za mdomo kupitia intaneti. Koni, yaani ule utando unaotetema kutoa sauti, iliyomo ndani ya Google Nest Mini ina upana wa milimita 40. Ya Echo Dot ya Amazon, kizazi cha 4, ni milimita 41. Besi ni hewa inayosukumwa, na koni ya ukubwa huo itasukuma hewa gani? Muuzaji akikuapia kwamba kidude hicho kinalishinda sabufa lako, mcheke kwa adabu. Ngoma ya muheme ya Wagogo utaisikia ikigongwa, lakini kifuani haifiki. Zeze, kwaya, mahubiri na taarifa ya habari havina shida kabisa.

Mimi ningezipanga hivi.

Ya kwanza ni Echo Dot ya kizazi cha 3 au cha 4, na sababu ni moja tu: ina tundu la AUX, la kuchomeka waya wa sauti. Wengi wetu sabufa tunalo tayari sebuleni. Chomeka waya, Dot isikilize amri na kutafuta muziki, sabufa ndilo lipige. Angalia kizazi kabla hujatoa hela. Cha 5 kina koni ya milimita 44, ila tundu hilo wameliondoa, kwa hiyo utategemea Bluetooth.

Ya pili ni Nest Mini. Sauti ya mtu inatoka safi, na nyuma ina sehemu ya kutundikia. Ukuta huiongezea besi kidogo. Chumba cha mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kinaitosha. Sebule kubwa ya mtaa wa Kisasa, Dodoma, yenye vigae chini na mapazia mepesi, itaimeza. Ukiipandisha hadi mwisho inakuwa kali masikioni, na ule mdundo kidogo uliokuwepo unapungua, kwa sababu spika inajilinda isikwaruze. AUX haina.

Ya tatu wala si janja: JBL Go 3. Wati 4.2, betri ya saa 5, na haiingizi vumbi, jambo ambalo mtu wa Dodoma halihitaji kuelezwa. Hizo mbili za juu hazina betri, umeme ukikatika zimekufa. Pia bila intaneti hazitii amri. Kama bando lako ni la kuungaunga, hii ndiyo iwe ya kwanza.

Za mwisho ni zile zisizo na jina, zilizoandikwa maelfu ya wati za PMPO. Namba hiyo ni ya kupamba boksi. Tafuta iliyoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo spika inaihimili mfululizo. Isipokuwepo, rudisha rafuni.

Amri utazitoa kwa Kiingereza, Alexa, msaidizi wa sauti wa Echo, haijui Kiswahili. Ukinunua Echo iliyotumika, hakikisha mwenyewe wa zamani ameitoa kwenye akaunti yake, la sivyo hutaweza kuisajili. Nyingine zina plagi ya Marekani, kwa hiyo bei ya adapta iingize kwenye mazungumzo. Na uwashe hotspoti palepale dukani, upige wimbo unaoujua wewe, si ule wa muuzaji.