Kadi za grafiki za bei kubwa kwa mtu wa Mwanza: ipi ununue, ipi uiache

Swali ninaloulizwa sana siku hizi huja hivi: "Kaka, nikichukua 5090 si ndiyo nimemaliza?" Anamaanisha RTX 5090, kadi yenye kasi kuliko zote ya kizazi hiki cha kampuni ya NVIDIA. Anayeuliza mara nyingi ni mhariri wa video za harusi, au kijana aliyeunga mashine yake ya gemu kidogo kidogo tangu akiwa chuo pale Nyegezi. Mimi humrudishia swali: UPS yako, lile boksi la betri la kushikilia mashine umeme ukikatika, ina ukubwa gani? Hapo kimya kinaingia.

Kadi ninazozipanga hapa ni za kizazi kilichotoka kati ya Januari na Machi 2025, pamoja na mbili za zamani ambazo bado zinazunguka sokoni. Vipimo vya mwanzo vya wapimaji wa Ulaya na Marekani nimevifuata kwa makini, na kwa kiasi kikubwa vinakubaliana. Ila kumbuka vimefanyiwa wapi. Mashine nyingi za majaribio zilikuwa na prosesa ya gemu yenye kasi sana, Ryzen 7 9800X3D, chumba kina kiyoyozi, na umeme wao hautikisiki. Ukiwa na prosesa ya miaka sita iliyopita, kadi ya juu itakaa inasubiri kazi. Fremu ulizoziona kwenye jedwali hutaziona kwenye skrini yako.

Jambo jingine la kuchuja ni fremu za kupachika, yaani picha ambazo kadi inazibuni na kuziingiza katikati ya zile halisi. Januari 2025, pale Las Vegas, bosi wa NVIDIA Jensen Huang alisema RTX 5070 ya dola 549 inatoa utendaji wa RTX 4090, kadi ya juu ya kizazi kilichotangulia. Kadi zilipofika kwa wapimaji, ilionekana hesabu hiyo inategemea DLSS 4, teknolojia ya NVIDIA ya kuongeza fremu, ambayo inaweza kupachika hadi fremu tatu za kubuni kwa kila fremu moja halisi. Picha inateleza vizuri, kweli, lakini kipanya hakiitikii haraka zaidi. Bila upachikaji, 4090 iliiacha 5070 mbali sana. Kwa hiyo mtu akikuonyesha namba, muulize kwanza upachikaji ulikuwa umewashwa au umezimwa.

Ya kwanza: RTX 5070 Ti

Kwa mtu wa video, hii ndiyo ninayoiweka juu. Memori yake ni GB 16 za GDDR7, inavuta wati 300, na bei yake ya kutolea ilikuwa dola 749. Sababu yangu kubwa wachezaji wa gemu hawaijadili kabisa: kizazi hiki cha NVIDIA kinasoma na kuandika video za 4:2:2, yaani zinazohifadhi rangi nyingi zaidi kuliko video za kawaida, kwa chipu yenyewe. Kamera kama Sony A7 IV hurekodi 4:2:2 ya biti 10, na wapiga harusi wengi wa hapa wanaipenda kwa sababu rangi za vitenge na keki zinabaki zilivyo. Kwa kadi za NVIDIA zilizotangulia, mzigo huo uliangukia prosesa, na ndiyo maana taimlaini ilikuwa inakwamakwama mpaka utengeneze proksi, yaani nakala nyepesi, za kila klipu. Hilo peke yake linaokoa usiku mzima wa kazi. Hakikisha tu programu yako ya uhariri ni toleo linalotumia uwezo huo. Matoleo ya bure mengi yanaufungia.

Mtu wa Blender, ile programu ya picha za 3D, au michoro ya nyumba naye abaki hapa hapa. Programu nyingi za kurenda, yaani kukokotoa picha ya mwisho, zimezoea CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kuipa kadi kazi za hesabu, na kuhama kunasumbua.

Ya pili, na ya kwanza kama unacheza tu: Radeon RX 9070 XT

AMD, washindani wa NVIDIA, waliitoa Machi 2025 kwa dola 599, ikiwa na GB 16 na matumizi ya wati 304. Katika gemu za kawaida, vipimo vya mwanzo viliiweka nyuma ya 5070 Ti kwa asilimia chache tu, na kwenye baadhi ya gemu ikapita. Inapoanza kuhema ni kwenye gemu zinazokokotoa mwanga mwale kwa mwale. Mwanga huo ukiwashwa wote, NVIDIA bado wako mbele waziwazi. FSR 4, teknolojia ya kukuza picha waliyoitoa pamoja nayo, ilikuwa nzuri kuliko zote walizokuwa wametoa hadi hapo. Na modeli nyingi za kadi hii bado zinatumia nyaya za kawaida za pini nane, kwa hiyo pawa saplai nzuri uliyonayo huenda ikatosha. Ukizidisha kwa shilingi 2,500 kwa dola, tofauti ya bei yake ya kutolea na ya 5070 Ti ni kama shilingi 375,000, kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Hiyo ni UPS ya maana.

Ya tatu: RTX 5080

Ilitoka kwa dola 999, GB 16 zilezile, wati 360. Wapimaji waliipokea kwa baridi kwa sababu iliizidi 4080 Super, ya kizazi kilichotangulia, kwa kama asilimia 10 hivi. Si kadi mbaya. Ila unaongeza pesa nyingi kwa hatua fupi, na memori haijaongezeka hata GB moja.

Za mtumba: RTX 4090 na RX 7900 XTX

Zote zilitoka mwishoni mwa 2022, zote zina GB 24. Mtu anayetaka kuendesha modeli kubwa za akili mnemba kwenye mashine yake atazitazama kwa hamu, hasa 4090. Mimi nina kovu hapa. Niliwahi kuagiza kadi "mpya kabisa" kwa muuzaji mmoja wa Dar. Boksi limefungwa vizuri, lakini ndani pedi za joto zinavuja mafuta na feni moja inayumba. Ilikuwa imefanya kazi usiku na mchana mahali fulani. Pesa sikuiona tena. Mtumba usiulipie kabla hujaikimbiza nusu saa ukiitazama kwa macho yako. Kwenye 4090 chungulia na soketi ya pini 16: ikiwa imegeuka kahawia au plastiki imelegea, ondoka. Soketi hizo ziliyeyuka kwa wateja kadhaa duniani.

Ya mwisho: RTX 5090

Ndiyo, ya mwisho, ingawa ndiyo yenye kasi kuliko zote. Kwenye 4K iliizidi 4090 kwa takriban asilimia 30, na ina GB 32. Lakini inavuta wati 575, na NVIDIA wanataka pawa saplai ya wati 1,000. Ile UPS ya 650VA iliyojaa madukani hubeba chini ya wati 400. Umeme ukikatika katikati ya kurenda, UPS hiyo nayo inazimika hapohapo, na umeme ukirudi kwa kishindo wa kwanza kupigwa ni mashine yako. Hesabu ya LUKU nayo iko hivi: kadi hiyo ikikimbizwa kwa ukamilifu kwa muda wa saa tano inakula karibu uniti 2.9, yaani buku nzima na chenji kidogo kwa bei ya sasa ya matumizi ya kawaida ya nyumbani. Kila siku. Bado hujaweka feni la kutoa joto chumbani. Kama kazi yako haiingii kwenye GB 16, inunue bila kusikitika. Vinginevyo waachie wenye studio kubwa.

Ukishanunua 5070 Ti, 5080 au 5090, fungua GPU-Z, programu ya kuonyesha taarifa za kadi, kabla ya kumruhusu muuzaji aondoke, utazame namba ya ROP, zile sehemu za chipu zinazomalizia kuchora picha. Lazima usome 96, 112 au 176 kwa mpangilio huo. NVIDIA walikiri kwamba sehemu ndogo ya kadi za mwanzo zilitoka kiwandani zikiwa na pungufu ya ROP, na hizo hubadilishwa.

Wenye nyumba karibu na maji, Kirumba au Capri Point, wekeni vichujio vya vumbi kwenye kesi. Wale wadudu wa ziwani wakivamia taa usiku, feni inawavuta ndani, wanasagika na kugandana kwenye mapezi ya kadi kama ugali uliokauka. Piga brashi kila mwezi.

Na kama mashine inakuja na basi kutoka Dar, usikubali isafiri kadi ikiwa imechomekwa. Kadi hizi ni nzito, na zaidi ya kilomita 1,100 za matuta zinatosha kupasua soketi ya madabodi. Ichomolewe, irudi kwenye boksi lake, ikae mapajani mwa mtu.