Wikendi ya Februari na watoto: Cotswolds au Peak District?

Kila Februari shule zikifungwa wiki ile moja huku Uingereza swali ni lilelile, tuwapeleke watoto wapi. Kwa hela, Peak District, ile hifadhi ya milima kati ya Manchester na Sheffield, ina nafuu, ila Cotswolds, eneo la vilima na vijiji vya zamani kusini zaidi, hata chai na keki za watu wanne unasikia mfuko unalia. Bila gari, treni ya kutoka Sheffield au Manchester inakushusha kijiji cha Edale, Peak District, karibu kabisa na njia ya mlimani, ila Cotswolds ukishuka Moreton-in-Marsh bado unatafuta basi, na Jumapili we acha tu.

Sasa matope! Kinder Scout, mlima mrefu kuliko yote Peak District, ina mita 636 tu, mtu wa Moshi atakucheka, lakini upepo wa kule juu sio wa mchezo, na mwaka jana kitindamimba wetu kiatu kilizama topeni akabaki na soksi, ikabidi tugeuze, kilio njia nzima. Cotswolds kumetulia, vijiji vya mawe rangi ya asali, vimaua vyeupe vinachungulia kati ya makaburi ya kanisa.

Una bibi au kichanga, nenda Cotswolds. Una watoto wa miaka tisa kumi wanaopanda makochi, Edale, na beba soksi za akiba jamani.