Twisheni ya kingereza ya jioni, nawapa nyota 3

Nimesoma pale miezi miwili, mwalimu yuko vizuri jamani hilo sibishi. Kilichonifungua macho ni his na her (zote kwetu ni -ake), sisi tunasema gari lake nywele zake, tunafuata kitu, kumbe wenzetu wanaangalia mwenye nacho ni mwanaume au mwanamke, ndo maana nilikua nasema my sister lost his bag watu wanacheka tu. Halafu mahali pa kuweka carefully (kwa uangalifu): she drives her car carefully, ukiichomeka kati ya drives na her car ushaharibu, ila always (siku zote) yenyewe inatangulia drives. Sasa kasoro, fotokopi zimefifia hazisomeki na kipindi cha saa 12 kinaanza saa 1 kasoro, ada hawapunguzi hata mia.