Peugeot 504 ya Safu Tatu: Ukiinunua Leo, Utaiuza kwa Faida?

Karibuni tena, watazamaji wangu. Gari mnaloliona nyuma yangu, hapa Changamwe, Mombasa, ni Peugeot 504 stesheni wagoni, ile ndefu yenye safu tatu za viti, na anayeliuza anataka shilingi 480,000. Wengi wenu mmekuwa mkiniomba nichambue gari la kale kwa jicho la mtu anayenunua ili auze, wala si la mtu anayenunua ili atembee nalo Jumapili apigiwe picha. Nimelichagua hili kwa sababu mbili: aina hii ya gari naipenda mno, na hili lililopo mbele yenu limeniudhi mno.

Sitawachosha kwa ukubwa wa injini wala nguvu zake, maana aliyekua Kenya katika miaka ya 1980 hahitaji kufundishwa 504 ni nini; kama hakusafiri nayo kwenda Nakuru akiwa amebanwa kwenye kiti cha nyuma kabisa, basi mjomba wake alisafiri. Ninachotaka mkikumbuke ni ile sehemu ya historia inayomfanya mtu atoe fedha. Gari hili lilizinduliwa mwaka 1968, likachaguliwa kuwa gari la mwaka 1969 barani Ulaya, kisha likashinda mashindano ya Safari Rally mara mbili, mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson na mwaka 1978 likiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Tahadhari lakini: lile la 1978 lilikuwa la milango miwili, lenye injini ya V6, kwa hiyo dalali akikuapia kwamba ni ndugu wa tumbo moja na hili la kubebea familia, mcheke kwa adabu kisha uendelee na ukaguzi wako.

Jambo la pili linalolipa ni uhaba. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika likiwa limepita umri wa miaka 8, na kwa hiyo 504 zilizobaki nchini ndizo hizo hizo tulizonazo, na kila mwaka nyingine hukatwa zikauzwa kama vyuma chakavu. Majirani zetu wa Tanzania hawana katazo hilo, ila hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu, ambao kwa mfanyabiashara mdogo ni katazo kwa jina jingine.

Haya sasa, tuje kwenye kilichoniudhi. Ni hii rangi. Naomba kamera isogee karibu, izidi kusogea, papo hapo. Mnaona inavyong'aa? Nilipofika asubuhi, dalali alinipokea kwa bashasha akaniambia, "Bosi wangu, kazi ni safi kabisa, rangi ni ya mwezi jana tu." Nikamjibu, "Kaka, hiyo ya mwezi jana ndiyo inayonitia shaka." Gari la umri huu likipuliziwa rangi mwezi mmoja kabla ya kuuzwa, muuzaji hakuwa akilitunza gari, alikuwa akimtayarisha mnunuzi.

Tazameni. Hii mkononi mwangu ni sumaku ndogo ya kawaida, ya kubandikia karatasi kwenye friji, nami nimeivisha kitambaa laini ili isikwaruze. Naiweka juu ya paa: imeshika. Naiweka katikati ya mlango wa dereva: imeshika vizuri, hata nikiivuta inakataa. Sasa nashuka nayo polepole kuelekea chini, na hapa, kiasi cha viganja viwili juu ya kizingiti, angalieni, inaanza kuteleza. Hapa chini zaidi, naiachia… imeanguka. Nairudia upande huu wa nyuma ya gurudumu, imeanguka tena. Maana yake ni kwamba chini ya rangi hii hakuna bati la kutosha kuvutwa na sumaku. Kuna fila, yaani ule mchanganyiko laini wa kuzibia mashimo ya bodi ambao hukauka ukawa mgumu, iliyopakwa kwa unene, ikasuguliwa kwa msasa hadi ikafanana na bodi. Mkiona sumaku bado hairidhishi, tumieni kifundo cha kidole na msikilize wenyewe. Juu: sauti kali ya bati. Chini: kimya, sauti imezibwa kama unagonga ukuta wa udongo.

Lakini si fila peke yake iliyonikasirisha. Fungueni mlango, muiname, mtazame ukingo wake wa chini kabisa. Kiwandani, kila mlango wa gari huachiwa matundu madogo hapo chini, kwa sababu maji ya mvua hupenya kwenye mpira wa kioo, huteremka ndani ya mlango, na lazima yapate pa kutokea. Napitisha ukucha wangu hapa, kutoka mwanzo hadi mwisho, na sipati tundu hata moja, kwa kuwa fundi aliyeziba kutu aliyaziba nayo. Sasa kila mvua ikinyesha, maji yatakaa humo ndani yakilila bati kutoka upande usioonekana, na hewa ya chumvi ya Mombasa itayasaidia. Ndiyo sababu gari lililoishi Nyeri au Nanyuki maisha yake yote mimi hulilipia zaidi kuliko la pwani, hata kama la pwani limetembea kilomita chache.

Nimeinua pia zulia upande wa abiria, na mnaona wenyewe kwamba sakafu imewekewa kipande cha bati jipya kilichopigwa ribiti, vile vipini vya chuma vya kubana bati, badala ya kuchomelewa. Kipande cha ribiti hakiipi bodi nguvu kama ya kuchomelewa. Kinaficha tundu tu. Kwa kweli, gari hilihili ningalilikuta limepauka, lina mikwaruzo na kutu yake iko wazi, ningempa mwenyewe fedha zaidi, kwa sababu ningejua hasa nanunua nini.

Nilipofika hapo, nilikuwa tayari kuzima kamera niwaambie msiliguse. Kisha tukafungua boneti, na moyo ukalegea kidogo. Injini ni yake ya asili, na namba yake inalingana na iliyoandikwa katika kitabu cha umiliki, jambo ambalo si dogo, maana 504 nyingi nchini zimefungwa injini za Toyota na nyinginezo ili ziendelee kufanya kazi. Kwa mwenye kusafirisha viazi hilo halina ubaya. Kwa mnunuzi wa magari ya kale, gari hilo limeshapoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Isitoshe, silinda za injini hii zina slivu, yaani mirija ya ndani ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazotolewa na kubadilishwa, kwa hiyo hata ikichoka sana, fundi anayeifahamu huijenga upya bila kuutupa mwili wa injini. Lala chini utazame nyuma, utaona zile springi nne za stesheni wagoni, mbili kila upande, zote zikiwa sawa. Viti vya safu ya tatu vipo, dashibodi haijapasuka kwa jua, na taa za mbele ni zake. Vitu vidogo vya namna hii ndivyo vigumu kuvipata. Bati hukatwa na kuchomelewa popote penye fundi mzuri.

Basi tufanye hesabu, na hesabu yangu huanzia mwisho. Gari kama hili, likiwa safi kweli kweli hadi uvunguni, mimi nakadiria kuliuza kwa shilingi 750,000 nikiwa na subira. Kukata vizingiti na sakafu na kuchomelea bati jipya, fundi ninayemwamini ataniomba 90,000. Rangi upya, kwa kuwa hii itabanduliwa yote, 110,000. Viti na zulia 45,000. Breki, matairi na mipira ya milango na vioo 85,000. Uhamishaji wa umiliki, ukaguzi na safari za huku na huko, tuseme 20,000. Jumla ni 350,000. Nikilinunua kwa hizo 480,000 anazotaka, litakuwa limenigharimu 830,000, nami nitakuwa nimemlipa mtu mwingine 80,000 ili aniruhusu nitoke jasho. Nikilipata kwa 320,000, nitabaki na 80,000, na humo sijalipia mahali pa kuliweka kwa miezi ambayo mnunuzi atakuwa bado hajajitokeza. Msiniulize kwa nini nisiiache fila ilipo nikamuuzia mwingine. Mnunuzi wa 750,000 naye ana friji nyumbani kwake, na friji hiyo ina sumaku. Tena wapo wanaonunua wakiwa na nia ya kuyapeleka magari yao kwenye Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na hao huja na tochi wakaanza kukagua chini kabla ya kukuamkia.

Najua maoni yatajaa maswali ya Mercedes W123. Ni gari zuri, lina wanunuzi wengi zaidi na huuzika haraka, lakini kila muuzaji anajua thamani yake, hivyo nafasi ya kununua kwa bei ya chini imekuwa nyembamba. Kobe la Volkswagen, yaani Beetle, ni rahisi kulihudumia, ila sakafu yake nayo huoza vilevile. Anayetaka kubahatisha na historia ya Safari atafute Datsun 160J, aina ya gari ambalo Shekhar Mehta alishindia miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Nimeahidiwa kuonyeshwa moja huko Eldoret, na hiyo ndiyo itakayokuwa video ijayo, kwa kipaza sauti kipya, kwa hiyo wale mliolalamikia upepo mtulie.

Bado kuna karatasi, na hapa ndipo nilipobadili mawazo kwa mara ya pili. Kitabu cha umiliki kina jina la mzee aliyekwishafariki, na anayeuza ni mwanawe. Sina shaka kwamba ni mwanawe. Nimemwona mama yao, nikampa shikamoo, naye akanisimulia jinsi marehemu alivyokuwa akiliosha gari hili kwa mikono yake mwenyewe. Hata hivyo, chini ya Sheria ya Urithi ya Kenya, mali ya marehemu haiuzwi na yeyote kabla ya mahakama kutoa hati ya kuisimamia, na kuiingilia bila hati hiyo ni kosa la jinai. Mnunuzi akitoa fedha leo atakuwa na gari asiloweza kulihamishia jina lake, wala kumhamishia mwingine, na gari lisilohamishika ni la kulipamba ua tu. Dalali ameniambia familia itatia sahihi barua mbele ya chifu. Barua ya chifu husaidia kuwatambulisha warithi, lakini haihamishi gari.

Kwa hiyo nimemwachia mama na mwanawe ofa yangu kwa maandishi: shilingi 320,000, zitakazolipwa siku hati ya mahakama itakapotoka na jina kuhamishwa, na endapo watapata mwingine wa kulipa zaidi kabla ya hapo, wamuuzie bila kunitafuta. Mwanawe alisema atafikiria. Jibu lake nikilipata, nitaliandika kwenye maelezo yaliyo chini ya video hii.