Mkanda wa chuma wa kufungia kenchi: je, ununuliwe Moshi kabla ya kushuka pwani?

Vikundi vya kujitolea vinavyotoka Moshi na Arusha kwenda kusaidia ujenzi pwani baada ya kimbunga hubeba misumari, nyundo na mabati. Kifaa kinachosahaulika mara nyingi ni mkanda wa chuma wa kufungia kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, ukutani. Huuzwa karibu kila duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi, na ndicho tunachokipima hapa, kwa sababu baadhi ya mikanda inayouzwa haifai kabisa kwa nyumba iliyo jirani na maji ya chumvi.

Hesabu ya upepo ndiyo inayoonyesha umuhimu wake. Upepo wa kilomita 120 kwa saa hulinyonya paa kwenda juu kwa nguvu ya takriban kilo 65 kwa kila mita ya mraba, na pembeni huzidi hapo. Chukua nyumba ya mita 6 kwa 9 yenye paa la mgongo wa tembo, yaani la miteremko miwili. Hapo kuna zaidi ya tani 4 zinazolivuta paa juu, ilhali bati na mbao zote kwa pamoja hazifikishi uzito huo hata kwa mbali. Msumari uliopigwa wima huchomoka kama kizibo. Mkanda hauchomoki kwa sababu misumari yake hupigwa kwa ubavu, hivyo upepo lazima uikate, si kuivuta.

Tuanze na ubora. Unaofaa una upana wa milimita 25, unene wa milimita 1, na umepakwa zinki. Mara nyingi dukani utapewa ule mweusi wa kufungia mizigo, wenye rangi tu juu yake. Unaonekana imara, lakini pwani hauna maisha. Ukwangue kwa kisu: rangi ikibanduka na chuma cheusi kikatokea, uache. Kama bado una shaka, nunua kipande kidogo, kifunge kwenye kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi na ukiache usiku kucha. Kutu nyekundu kwenye uso wa mkanda ni jibu tosha. Unga mweupe ni zinki inayofanya kazi yake. Ncha zilizokatwa kwa mkasi zitapata kutu kidogo hata kwenye mkanda mzuri, hizo usizihukumu.

Unene nao hauhitaji kipimo cha fundi mitambo. Mwombe mangi, mwenye duka, akupimie mita 10 kwenye mizani: zikaribie kilo 2. Zikija kilo 1 na robo, huo ni wa milimita 0.6, na misumari itauchana kama karatasi.

Kwa nyumba hiyo ya mita 6 kwa 9, kenchi ziwe 9, zikiachana mita 1 na kidogo. Kila kenchi ina viungo viwili ukutani, yaani 18, na kila kiungo kinakula mita 2 za mkanda. Hizo ni mita 36. Papi, yaani mbao za kulala zinazopigiliwa bati, kwa mwinamo wa nyuzi 30 na nafasi ya sentimita 90, zitakuwa mistari 6 kila upande, hivyo papi na kenchi zinakutana mahali 108. Kila mahali hapo panahitaji sentimita 30. Ongeza asilimia 10 ya kupotea na utafika mita 75, zenye uzito wa karibu kilo 15, mzigo unaoingia chini ya kiti cha basi. Misumari ya inchi moja na nusu, nayo iwe ya zinki, isipungue 800: minane kwa kila kiungo cha ukutani, sita kwa kila papi.

Ufungaji ndipo kazi nyingi za kujitolea zinapoharibika. Kwenye nyumba ya tofali isiyo na linta, yaani boriti ya zege juu ya ukuta, usiupigilie mkanda kwenye mbao iliyolala juu ya ukuta ukadhani umemaliza. Mbao hiyo itanyanyuka pamoja na paa. Shuka kozi (mistari ya tofali) tatu kutoka juu, toboa kwa tindo, pitisha mkanda, upandishe pande zote mbili za ukuta, uzungushe juu ya kenchi na upigilie pande zote mbili. Sasa uzito wa tofali unalishikilia paa. Penye linta mpya, mkanda uzungushwe chini ya nondo kabla ya kumwaga zege. Nyumba ya miti na udongo hufungwa kwa umbo la nane, nguzo na kenchi pamoja, mradi nguzo yenyewe imezama vizuri ardhini.

Usiukunje kwa pembe kali ukaupiga nyundo, kwani zinki hupasuka pale pale na kutu huanzia hapo. Msumari wa mwisho uache sentimita 2 kutoka ncha. Mbao zilizojaa maji, hasa zikiwa na dawa ya shaba, hula zinki na zikikauka hulegeza mkanda, kwa hiyo nunua zilizokauka. Na kama mbao inapasuka ukipiga msumari, toboa kwanza kwa keekee. Hilo linaonekana dogo, lakini mbao iliyopasuka haishiki kitu.

Waya mweusi wa kufungia nondo haufai kuwa mbadala. Waya mnene wa zinki, wa milimita 4, unakubalika kwenye nyumba za miti.

Mkanda hauokoi bati lenyewe. Bati jembamba la geji 30 huchanika kuzunguka msumari. Geji 28, iliyo nene zaidi, ina nafuu kubwa. Pembeni, kwenye kofia na kwenye ukingo wa chini, piga msumari kila mgongo wa bati, katikati ruka mmoja.

Wala hauokoi nyumba dhidi ya maji. Kimbunga Katrina kilipopiga pwani ya Mississippi, Marekani, tarehe 29 Agosti 2005, bahari ilipanda zaidi ya mita 8 pale Pass Christian. Baada ya hapo Mississippi State University ilifungua ofisi ya usanifu mjini Biloxi, Gulf Coast Community Design Studio, na wasanifu wakafanya kazi na wenye nyumba kwenye mitaa yao. Nyumba nyingi zilibidi kuinuliwa juu ya nguzo, na papo hapo likazuka swali ambalo hakuna mkanda unaolijibu: mzee atapandaje ngazi, na baraza itaongeaje na mtaa ikiwa iko juu hewani?

Swali la baraza linatuhusu moja kwa moja. Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na hata kile cha Lindi cha Aprili 1952, vilikumbusha kwamba pwani yetu haiko salama. Fundi wa bara hupenda kuliendeleza paa kubwa hadi lifunike baraza. Upepo huingia chini yake na kulinyanyua lote. Baadhi ya wajenzi hutaka kuikata baraza kabisa, na hapo tunapinga kwa nguvu zote: kwa bibi wa Kilwa, baraza ndipo anapopokea wageni na ndipo anapokaa jioni. Mpe shikamoo, keti naye, muulize nani anakaa wapi, kisha mchoree paa dogo la baraza linalojitegemea, lenye nguzo na mikanda yake. Likichukuliwa na upepo, liende peke yake.

Kwa hiyo ndiyo, ununue Moshi, maana huku una muda wa kupima na kurudisha usiofaa. Mbao nunueni kule kule, wenye maduka ya pwani nao wanahitaji wateja baada ya dhoruba. Na beba mikasi miwili ya bati, kwa sababu mmoja utakuwa butu kabla ya kenchi ya tisa.